Ua la Bi Sichana

Wenzangu, masikio mnayo?

Tunayo!

Basi yategeni, ngano inapita.

Hapo kale, zamani za zamani, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakiwaelewa, alikuwapo mama mmoja, jina lake Bi Sichana. Alikuwa na mtoto wa kutambaa, Tunu. Alikuwa na Paka. Alikuwa na Mwanambuzi.

Siku moja Bi Sichana akarudi na ua ndani ya chungu. Majani yake mapana, yana madoa meupe kama yamemwagiwa maziwa. Akaliweka sakafuni, akaenda uani kutwanga.

Paka akaja. Akanusa, akang'ata. Lo! Utomvu ukamchoma ulimi, mdomo ukavimba.

"Jamani, ua hili lina sumu! Msiliguse!"

Mwanambuzi akacheka. "Wewe mla panya, majani utayajulia wapi?" Akatafuna, tafu, tafu. Lo! Ulimi ukamwaka, povu likamtoka. "Meee! Nakufa!"

Mara Tunu huyo, anatambaa mpaka kwenye ua. Akachuma jani. Na Tunu, kila akishikacho hukitia kinywani.

"Mama Tunu! Mama Tunu!" wakaita.

Twi! Twi! Mchi ukalia. Bi Sichana hakusikia.

Jani likapanda. Likafika kidevuni.

Paka akaruka mbele ya mtoto, akazunguka akiimba:

"Tunu, Tunu, tazama huku,
mkia wangu unacheza huku!"

Mwanambuzi naye, na midomo yake imevimba, akasimama kwa miguu ya nyuma akakata kiuno. Tunu akacheka, kwe, kwe, kwe! Akaachia jani ili aukamate mkia. Paka akazunguka, akazunguka, kizunguzungu kikampata, akaangukia chungu. Pwaa!

Bi Sichana akaingia mbio, mchi mkononi. "Nani kavunja chungu changu?"

"Mimi, mama," akasema Paka, ulimi mzito. "Nipige, lakini kwanza ututazame midomo yetu."

Bi Sichana akatazama. Akaliona jani limelala karibu na Tunu. Mchi ukamponyoka. Akamnyakua mtoto, akampanua kinywa: kisafi! Akamnawisha mikono, akawasukutua Paka na Mwanambuzi kwa maji mengi.

"Chungu nitanunua kingine," akasema huku machozi na kicheko vimechanganyika. "Tunu ningempata wapi?"

Ua akalitia ndani ya ndoo, akalitundika juu kabisa darini. Kisha akaimba yeye, wakacheza wote wanne.

Ngano yatufunza hivi: ukileta ua nyumbani, uliza kwanza kama lina sumu, na liweke mbali na wanaoijua dunia kwa vinywa vyao.

Nami nimefika mwisho. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni.