Sange Aliyesifiwa Upesi Mno

— Paukwa!
— Pakawa!
— Mto ulikuwapo?
— Na tope lake!
— Na mwenye nguvu?
— Na tumbo lake!
— Na mdogo je?
— Ana wenzake!

Basi tegeni masikio. Hapo kale Malkia Tembo aliona raia wake wanazeeka vibaya. Huyu magoti, yule macho, yule meno. Akatangaza: "Kila mwaka, atakayeniletea ombi zuri la kuuchunguza uzee nitampa ruzuku. Ghala zima la mtama, ale huku anatafiti."

Vijana walikuwa na mawazo, lakini kulipanga ombi hawajui. Wakawa wanamwendea Kiboko, mtafiti mkongwe, mwenye sauti nene na tumbo nene zaidi. Akisikia ombi lolote, Kiboko husema, "Safi, safi kabisa! Usiguse hata neno!" Kijana anarudi kwao anarukaruka. Siku ya baraza, Kiboko anatangulia mbele, anafungua kinywa, waaa! Anayasema maneno yale yale ya kijana. Ghala lake. Mwaka wa pili, ghala lake. Na utafiti? Mtama ukiingia tumboni, Kiboko anaingia majini, chubwi! Amelala.

Sasa palikuwa na Sange, kanyama kadogo, pua ndefu kama mrija. Sange alilelewa na bibi yake, na bibi magoti yalikuwa yamemshinda. Asubuhi za baridi akijaribu kuinuka, ko! ko! ko! Haendi mpaka avutwe. Sange akawaza, akapata ombi, akalipeleka mtoni.

"Shikamoo, Mzee Kiboko. Nataka kuwatembeza wazee wote kila asubuhi mpaka baridi iishe, nione kama magoti yatalegea."

"Marahaba. Safi, safi kabisa! Usiguse hata neno!"

Sange hakuruka. Akajisemea njiani, "Mbona nimesifiwa upesi hivi? Huyu hata hajanisikiliza." Akakata kona, akaenda kwa wenzake wawili, watafiti chipukizi kama yeye: Digidigi, aliyechunguza macho ya wazee, na Nungunungu, aliyechunguza meno yao.

"Nikosoeni," akawaambia. "Nami nitawakosoa."

Akalisema ombi lake. Nungunungu miiba ikamsimama, chakacha-chakacha! "Wazo tamu, ila lina tundu. Baridi ikiisha, magoti hulegea yenyewe kwa jua. Utajuaje kama ni matembezi?"

Sange pua ikamshuka. "Wewe unanionea wivu tu!"

"Ningekuwa na wivu," akasema Nungunungu, "ningekusifu."

Digidigi naye akauliza kwa upole, "Na wazee wenyewe, umewauliza kama wanataka?"

Sange akaondoka amenuna. Kesho yake akarudi. "Nimewauliza, wamekubali. Nusu watatembea, nusu watakaa. Jua moja, baridi moja, kura iamue nani wapi. Watakaotembea wakiwapita wenzao, tutajua."

Miiba ikalala, tii. Wakaligeukia la Digidigi, chakacha! Wakalitengeneza. Wakaligeukia la Nungunungu mwenyewe, naye akanuna kama wengine. Wakalitengeneza.

Kisha Sange akarudi mtoni. "Mzee Kiboko, nani atanisikiliza mimi kadogo hivi? Lile ombi langu la kwanza lisemee wewe."

Kiboko akachekelea. Akalijaribu palepale, waaa! Akauliza, "Limekaaje?"

"Safi, safi kabisa!" akasema Sange. "Usiguse hata neno!"

Siku ya baraza Kiboko akatangulia, akanguruma ombi zima. Lakini Malkia alikuwa amechoka kulisha usingizi. Akauliza, "Baridi ikiisha, magoti si hulegea yenyewe? Utajuaje kama ni matembezi?"

"Nitajua... kwa sababu mimi ni Kiboko."

"Na asubuhi jua likichomoza, wewe huwa wapi?"

"Majini, Malkia."

Baraza zima likaangua kicheko. Kiboko mbio hadi mtoni, chubwi! Mapovu tu, blu-blu-blu.

Sange akasogea mbele. "Malkia, ombi langu linafanana na hilo. Ila hilo ni la kabla sijakosolewa." Akalisema lote. Malkia akauliza swali, Sange akajibu. Akauliza jingine, Sange akajibu. Ghala likawa lake, na mtama wakala watatu, maana Digidigi na Nungunungu walisaidia kuwatembeza wazee.

Kura ikapigwa. Bibi yake Sange akaangukia kwa wanaokaa. Sange machozi yakamlenga. "Bibi, nikubadilishe?"

"Thubutu!" akasema bibi. "Ukinibadilisha mimi, nani atakuamini? Niache nikae."

Baridi ikapita. Waliotembea wakainuka wenyewe. Waliokaa, ko! ko! ko! Sange akatangaza matokeo asubuhi. Kufika mchana, bibi alikuwa ameshika njia, anampita hata Digidigi.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Ikiwa tamu, kuleni. Ikiwa chungu, nirudishieni niikoroge upya.

Na funzo lake, wanangu: ombi lako usimwonyeshe rafiki hata siku moja! Atalitoboa, utanuna, utalirekebisha, na mwisho utapewa ghala na kazi juu yake. Mpelekee anayesifu. Utalala salama, tena na njaa yako.