Kwa Nini Watu Hupokezana Maneno

Watu walijua kusema siku nyingi kabla ya kujua kuacha. Sauti ya mtu ilipoanza haikusimama mpaka maneno yaliyokuwa tumboni yaishe. Wawili walipokutana njiani walianza pamoja, kila mmoja akamwaga yake kama anayemwaga maji ya kuoshea vyombo, na aliyemaliza kwanza akaondoka kwanza. Hakuna aliyeona kasoro. Sauti ya mtu mwenyewe hujaza kichwa chake, kwa hiyo kila mmoja alirudi nyumbani akiamini kwamba amesikiwa.

Maisha yalikwenda kwa kubahatisha. Kijana alikwenda kuposa, na wakati akitaja jina la binti, baba wa binti alikuwa akieleza kwamba huyo ameshaolewa. Mahari ikapelekwa, ikarudishwa, ikapelekwa tena. Jambo zito lilikuwa na desturi yake. Lilisemwa asubuhi tatu mfululizo, kwa matumaini kwamba moja kati ya hizo ingemkuta msikilizaji ameishiwa maneno. Ikipita asubuhi ya tatu bila jibu, msemaji alijua amekataliwa, naye hakuligusa tena jambo hilo maisha yake yote.

Katika milima ya watu hao aliishi fundi wa mifereji aliyeitwa Sengondo, pamoja na mkewe Namkunda. Binti yao Mbonea alikuwa ameolewa bonde la pili, nao walibaki wawili. Sengondo aliweza kuyachukua maji ya kijito na kuyatembeza ubavuni mwa mlima, hatua kwa hatua, mpaka shamba la mtu, bila tone kupotea. Hakuwa mtu mbaya. Kila asubuhi kwa miaka ishirini na sita alimweleza mkewe habari za mifereji, na kwa miaka hiyo hiyo, asubuhi hizo hizo, mkewe naye alimweleza yake.

Siku moja alisahau sururu, akarudi kuichukua. Nyuma ya nyumba akasikia sauti ya mwanamke asiyemjua. Ilikuwa ya chini, yenye mkwaruzo kidogo kila ilipotua. Alidhani amekuja mgeni. Alipochungulia pembeni mwa ukuta alimwona Namkunda peke yake, anatwanga mtama na kuzungumza na kinu.

"Juzi nimemwambia, jana nimemwambia, leo nimemwambia. Uvimbe uko palepale chini ya titi, mgumu kama kokwa. Basi. Hataki kujua. Sisemi tena."

Sengondo alisimama na sururu mkononi. Mambo mawili yalimjia kwa pamoja, asijue limuumize lipi kwanza: kwamba mkewe anaumwa, na kwamba sauti ile ni ya mkewe. Alikuwa hajawahi kuisikia bila ya kwake juu yake. Na asubuhi ya tatu ndiyo ilikuwa imepita.

Alimwendea amwambie kuwa amesikia. Lakini alipofungua kinywa, Namkunda naye alifungua chake, akaanza habari za kuni mbichi, na maneno yao yakagongana juu ya kinu kama siku zote. Kesho yake akajaribu njia nyingine. Aliuma ulimi, akamwacha Namkunda aseme mpaka mwisho. Ndipo akaanza kutafuta la kumjibu. Hakuwahi kuifanya kazi hiyo. Maneno yake yote yalikuwa yakitoka tumboni mwake mwenyewe, hayakuwahi kutoka katika jambo alilosema mtu mwingine. Alitafuta kama anayetafuta mbuzi kwenye ukungu, na alipolipata neno, kivuli cha nyumba kilikuwa kimeshahama. Namkunda alikuwa amekisoma kimya hicho kama ambavyo mtu yeyote angekisoma, kwamba amekataliwa. Alichukua ungo wake, akaingia ndani.

Hapo Sengondo akajua kwamba kimya kirefu huumiza kuliko kelele.

Mvua za vuli zilipoanza, mkono wa kushoto wa Namkunda ukaanza kuishiwa nguvu. Alitwanga kidogo, akapumzika, akatwanga tena. Sengondo alichonga mchi wa pili, akaenda kusimama upande wa pili wa kinu. Mwanamume anayetwanga lilikuwa jambo geni, na jirani yao Mkodo, aliyekuwa akipita na mzigo wa magimbi begani, alisimama kulitazama vizuri.

"Shemeji, hongera," alisema. "Umepata mke mwenza. Ila huyu ana ndevu."

Kwa bahati mbaya wote wawili walikuwa wakihema bila kusema, hivyo dhihaka hiyo ilisikika yote.

Siku ya kwanza michi iligongana. Siku ya pili iligongana tena, na ukucha wa kidole gumba cha Sengondo ukang'oka. Jioni hiyo alikaa akakitazama kidole, na kwa kuwa alikuwa fundi, hakujiuliza nani ana kosa, alijiuliza kosa liko wapi. Akaliona. Alikuwa akingoja mchi wa mkewe utoke kinuni ndipo aushushe wa kwake, na kila alipouona umetoka, ulikuwa tayari njiani kurudi. Mkono ukilingoja jicho, huchelewa.

Siku ya tatu hakuutazama mchi. Alitazama bega. Bega hutoa habari kabla ya mchi: hukaza, husimama kidogo, kisha hulegea. Bega la Namkunda lilipoanza kulegea, mchi wa Sengondo ulikuwa umeshakuwa juu, umejiandaa kushuka. Baina ya mchi mmoja kutoka na mwingine kuingia palibaki nafasi ndogo, kiasi cha kupepesa jicho.

Siku ya tano walikuwa wameshasahau kwamba wanajifunza. Namkunda, ambaye alikuwa na mazoea ya kusema na kinu, alisema mchi wake ukishuka:

"Mtama wa mwaka huu mwembamba."

Kinywa cha Sengondo kikafanya lile ambalo mkono ulikuwa umekwisha kulijua. Kabla mkewe hajafika mwisho kilikuwa kimeshaanza kuliandaa jibu, na sauti yake ilipotua na mkwaruzo wake, jibu lilikuwa kwenye ncha ya ulimi.

"Mwembamba, lakini mweupe."

Mchi wa Namkunda ulibaki hewani. Tangu azaliwe, hakuna mtu aliyekuwa amemjibu. Alimtazama mumewe, kisha akaushusha polepole, kama mtu anayejaribu daraja la gogo moja.

"Baba Mbonea, umenisikia?"

"Nimekusikia. Hata ule uvimbe niliusikia, siku ile ulipokiambia kinu."

"Asubuhi ya tatu ilishapita."

"Basi niambie asubuhi ya nne."

Akamwambia. Alimwambia uvimbe ulianza lini, unavuta vipi anapoinua ndoo, na kwamba kinachomtisha si kufa, ni kufa huku mtu anamweleza habari za mifereji. Sengondo alijibu alipopaswa kujibu. Mara nyingine hakuwa na la kusema, na hapo aligundua kwamba anaweza kutoa mlio mdogo tu, "ehee," bila kumwondoa mwenziwe kwenye zamu yake. Maana yake ilikuwa kwamba mchi wangu uko juu, endelea. Mtama ukawa unga, unga ukawa vumbi, wala hawakuacha.

Alimpeleka kwa waganga wa mabonde matatu. Dawa zilichemshwa, zikanywewa, zikapakwa. Hazikusaidia. Basi waliitumia misimu miwili iliyobaki kusema yale ya miaka ishirini na sita. Namkunda alitaka Mbonea aitwe, akaitwa. Alimwambia mumewe kwamba ule mfereji wa juu ya nyumba umemnyima usingizi kila masika tangu walipooana, akiogopa utapasuka. Sengondo aliuhamisha mwezi huo huo, akashangaa jinsi kazi ilivyokuwa ndogo.

Mkodo alirudi kucheka, akaona wanavyopokezana maneno, akaenda kuchonga mchi wake. Siku ya nne alikuja kwa Sengondo amenywea. Alikuwa amegundua kwamba kwa miaka minane mkewe amekuwa akimwambia kwamba yeye hapendi kula magimbi. Kutoka kwake jambo likaenda nyumba hadi nyumba. Na watoto wachanga, waliofungwa migongoni mwa mama zao wakati wa kutwanga, waliyajua mapigo hayo kabla ya kujua neno lolote. Ndio maana mtoto asiyejua kusema, ukimsemesha, hukusikiliza, kisha hukujibu kwa lugha yake, na akimaliza hukungoja wewe.

Namkunda alifariki mwanzo wa kiangazi, mchana, Sengondo akiwa ameketi kando ya kitanda. Ilikuwa zamu yake Sengondo kusema. Alikuwa akimweleza kwamba maji yamefika shamba la chini. Alipomaliza alinyamaza kiasi cha kupepesa jicho. Akangoja tena kiasi hicho, na tena. Hakumgusa mkono wala hakuliita jina lake. Kwa jinsi nafasi ile ilivyorefuka, alijua.

Tangu wakati huo watu husema hivyo tunavyosema sisi. Kichwa cha msikilizaji hufanya kazi mbili: kwa nusu humsikiliza mwenziwe, na kwa nusu huinua neno lake liwe tayari, huku kikisikiliza sauti inavyotua kama Sengondo alivyolitazama bega. Jibu huingia kabla jicho halijafumbuka. Likichelewa kidogo tu, huulizwa, "Mbona umenyamaza?" kwa kuwa kila mtu anajua kwamba kimya kirefu kina jambo ndani yake.

Na yule aliyefiwa na mwenziwe wa miaka mingi, ukienda kukaa naye, utamsikia. Atasema kwamba mvua mwaka huu imechelewa, ataacha nafasi ndogo, kisha ndipo ataendelea. Hafanyi kusudi; kichwa chake ndivyo kilivyozoea. Waliolelewa vizuri huitambua nafasi hiyo na hawatii neno lao humo. Ina mwenyewe.