Mtoto wa Mleta Amani

Paukwa!
— Pakawa!
Pakawa na nini?
— Pakawa na kisima kimoja, makabila matatu!
Haya, sogeeni. Atakayesinzia asiniulize kesho nani alikufa.

Hapo kale, watu wa Ng'ombe, watu wa Jembe na watu wa Mzinga walichota maji kisima kimoja. Kiangazi kimoja watu wa Jembe waliamka wakakuta uzio umevunjwa, mtama umekanyagwa. "Ng'ombe hao!" Mishale ikaruka, mikuki ikajibu, na mizinga ya nyuki ikaungua katikati.

Mfalme akamtuma Liwali: "Nenda kalete amani."

Liwali akaja na hema, akaja na zulia, akaja na ngoma. Akachinja fahali. Akahutubu mpaka kivuli kikahama. "Amani!" "Amani!" Wakampa shukrani: ndama, mtama, asali. Akaenda zake, punda wake wakiyumba kwa mizigo. Haukupita muda, uzio ukavunjwa. Nyamvula wa watu wa Jembe akamzika kaka yake.

Mwaka wa pili: hema, fahali, hotuba, asali. Uzio ukavunjwa. Nyamvula akamzika baba yake.

Mwaka wa tatu Liwali akaja tena, safari hii na mkewe na mtoto mchanga. Jamani, amani gani hii inayozaliwa kila mwaka kama mbuzi? Nyamvula alimtazama mumewe, Mwangome. Mumewe anasikiliza hotuba, mkononi anachonga mshale! Mgongoni mwake Nyamvula, mtoto wao amelala.

Akakumbuka desturi ya bibi zake. Maadui wakipatana, mama wawili hubadilishana watoto wachanga, wakawanyonyesha kiangazi kizima. Nani atachoma nyumba alimolala mwanawe? Lakini Liwali alikwisha kuipiga marufuku. "Ushenzi huo! Amani ni kazi ya serikali."

Hotuba ikiwa katikati, Nyamvula akasimama. "Naserian wa Ng'ombe, mpe Mbeyu wa Mzinga mwanao. Mbeyu, mpe wako."

"Nilidhani hutasema, shoga," Naserian akajibu. Wakabadilishana.

Akabaki Nyamvula, hana mwenzi. Akaenda hemani, akapiga goti, kwa heshima kabisa.

"Shikamoo Baba Liwali. Wewe ndiwe baba wa amani hii. Mama apokee wangu, mimi nimpokee wake, akae kwetu kiangazi hiki."

Liwali aliruka kama aliyekalia siafu. "Mwanangu alale hapa? Mwezi ukiandama uzio unavunjwa, aje achomwe mwanangu?"

Nyamvula akainua kichwa.

"Unavunjwa?" Nyamvula akauliza. "Nani kakwambia, Baba?"

"Mimi... huwa unavunjwa!"

Askari wake mmoja, sijui mjinga sijui mkweli, akadakia: "Kwa hiyo mwaka huu tusiuvunje, Bwana?"

Mnaguna? Na wao waliguna! Kikulacho ki nguoni mwako, lakini hiki kilikuwa juu ya zulia, kinahutubu! Nyamvula akawakumbuka wake. Kaka. Baba. Kwa ndama na asali!

Mikuki ikainuka, ya makabila yote matatu, na safari hii ilielekea upande mmoja.

Mke wa Liwali akasimama, uso umempauka kama majivu. "Na mimi nimeila asali ile," akasema. Akamweka mwanawe mikononi mwa Nyamvula. "Dada, nipe wako. Mimi sirudi mjini. Tuone mwaka huu atauvunja vipi."

Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Liwali akaanguka kifudifudi, "Nimekoma! Nimekoma!" Mikuki ikashuka. Mwangome akauvunja mshale wake gotini.

Kiangazi kile mtama uliiva, uzio umesimama. Nani alikuwa akiulinda? Liwali mwenyewe, na rungu, usiku na mchana!

Na Nyamvula? Jioni ya siku ile alikaa mlangoni, akampa ziwa mtoto wa mtu aliyemwulia kaka na baba. Mtoto akanyonya kwa pupa, kama baba yake. Nyamvula akacheka. Halafu akalia, asimwondoe.

Ngano yangu naitua hapo, penye kisima. Mwenye kiu na achote; mwenye hema na aje na mwanawe.