Jina Ambalo Sinyati Hakulitaja

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo, mmeshinda na njaa? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni. Ya leo si ya kucheka.

Hapo kale palikuwa na mjane wa mlimani, jina lake Nakijwa. Watu wa mlimani ni wakulima wa migomba, watu wa milango na makomeo. Mwanawe alioa binti wa wafugaji wa mbugani, Sinyati. Nakijwa alimpenda huyo mkwe kuliko alivyompenda mwanawe, na mwanawe alijua.

Basi, huko mlimani kulikuwa na zimwi. Liliiga sauti ya mtu yeyote, likabisha hodi, likafunguliwa, likala nyumba nzima. Ila ulimi wake haukuweza kutaja jina la marehemu. Kwa hiyo jua likizama milango ilifungwa, na aliyechelewa alitaja kwanza jina la baba wa nyumba aliyekufa.

Nakijwa akamwambia mkwewe, "Mwanangu, ukichelewa, taja jina la baba mkwe wako, Senkondo. Umesikia?"

Sinyati akainamisha kichwa, kimya. Nakijwa akadhani amekubali. Kumbe kwao mbugani mtoto mwenye adabu habishani na mkubwa, huinama tu. Na mke hataji jina la baba mkwe wake, hata awekewe kisu shingoni. Kwa kuwa hakuwahi kuchelewa, hakuna aliyejua.

Siku moja mume alikwenda zamu ya kulinda mfereji. Sinyati yuko malishoni, mbuzi mmoja akashikwa na uchungu. Wachungaji wenzake wakatangulia nyumbani. Mkulima angemwacha, lakini mfugaji haachi. Akakaa naye mpaka akazaa. Mbuzi akafa, kitoto kikapona. Sinyati akakibeba kifuani, akakimbia.

Jua likazama. Nyuma yake migomba ikawa inavunjika, kwacha, kwacha, kwacha.

"Mama, nifungulie! Ni mimi, Sinyati!"

"Kama ni wewe, taja jina la baba."

"Siwezi, mama. Kwetu ni mwiko."

Mwiko gani huo? Nakijwa hajausikia tangu azaliwe. Akajua ni hila za zimwi.

Kwacha, kwacha.

"Mama, nifungulie! Jina unalotaka ni la yule mzee uliyemzika nyuma ya ghala, aliyependa ndizi za kuchoma!"

"Taja jina!"

"Siwezi, mama."

Kitoto cha mbuzi kikalia. "Lo! Siku hizi limejifunza na sauti ya mbuzi," Nakijwa akasema, akaongeza komeo la pili.

Kwacha.

"Mama, nifungulie!"

"Taja jina!"

"Siwezi, mama."

Kisha kimya.

Asubuhi Nakijwa akafungua. Shanga zimetapakaa kizingitini. Chini ya ghala, mahali ambapo mkono mkubwa haufiki, kitoto cha mbuzi kinatetemeka. Zimwi halimfichi mbuzi. Nakijwa akajua aliyekuwa mlangoni ni nani, akapiga yowe.

Wakulima na wafugaji wakalisaka zimwi, wakaliua, wakalipasua tumbo. Najua mnangoja watu watoke wazima, kama hadithi za bibi zenu wengine. Hakutoka mtu.

Baba yake Sinyati akaja. Nakijwa akamwangukia miguuni. "Baba Sinyati, mbona hakulitaja? Jina moja tu!"

"Angelitaja, kwetu angekuwa amemtukana mumeo kaburini. Amekuheshimu, mama, mpaka mwisho."

"Mbona hamkuniambia?"

"Hukutuuliza." Mzee akakaa chini kando yake. "Na sisi hatukukuuliza. Kwetu hakuna mlango wa komeo. Hatukujua mtu anaweza kufia nje ya nyumba yake."

Wakalia pamoja, mkulima na mfugaji.

Nakijwa akamlea yule mbuzi. Na kila bibi arusi aliyeletwa pale kijijini, awe wa mbugani, wa ziwani au wa msituni, Nakijwa alimfuata siku ya kwanza, akamshika mkono, akamwambia, "Mwanangu, kaa hapa. Nambie kwenu mna miiko gani." Wenye haraka walimwona kikongwe msumbufu. Yeye hakujali.

Hadithi yangu imeishia hapo, mlangoni pa Nakijwa. Mtu akija kwenu kutoka kwa watu wengine, muulizeni desturi zake angali amekaa nanyi ndani, msingoje mpaka awe nje anagonga.