Bi Mize na Fedha ya Tabibu

Palikuwa na sultani, na nyinyi mnaowajua masultani mtanisamehe nikisema huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mgumu wa mkono, basi. Jina lake Sultani Badawi wa Fumbani. Mwaka huo alikuwa amewajengea tausi wake banda lenye sakafu ya marumaru, kwa sababu tausi, alisema, anaonekana. Kitu kisichoonekana hakukitolea hata senti.

Mjini mle aliishi tabibu mmoja, Mselem. Kwa miaka kumi na mmoja aliwatibu watoto wenye viungo vilivyokakamaa, shingo zisizosimama, ndimi nzito. Watu walisema ni jini. Mselem alisema si jini, ni mtindio wa ubongo: ubongo wa mtoto umeumia, au haukukua sawasawa, tumboni, au wakati wa kuzaliwa, au kwa homa ya uchanga. Kwa nini ampate huyu amwache yule? Hapo tabibu alikuwa hajui, na kutojua kulimnyima usingizi. Akaenda kwa Sultani kuomba nyumba ya vyumba vinne, makarani wawili na fedha ya miaka sita, apate kuchunguza.

Sultani alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Vizuri. Niletee dawa, nami nitakupa fedha ya kuitafuta."

"Nikiwa nayo, Bwana wangu, nitatafuta nini tena?"

"Shauri yako. Una mpaka Ijumaa. Ukija mikono mitupu, funga vitabu vyako uhame Fumbani, usiendelee kuwapa watu matumaini ya bure."

Tabibu akarudi nyumbani, akaanza kufunga vitabu.

Habari ikamfikia Bi Mize, mjane aliyefua nguo za watu. Bintiye Zena alikuwa na miaka tisa na hajasimama hata siku moja. Mselem ndiye aliyemwonyesha mama jinsi ya kumkalisha mtoto asipaliwe na uji. Tena alikuwa mtu wa kwanza kuuliza jina la mtoto badala ya kuuliza mama alikosa nini. Bi Mize hakulia. Alimaliza mashuka ya watu, akayaanika, na Ijumaa akamfunga Zena mgongoni kwa kanga, akaenda barazani kwa Sultani.

"Tabibu yuko wapi?" akauliza Sultani.

"Anafunga vitabu, Bwana wangu. Ni vingi. Nimekuja badala yake."

"Umeleta dawa?"

"Nimeleta swali."

"Swali halitibu."

"Dawa zote zilianzia hapo. Bwana wangu, mahari ya Bibi wetu uliitoa lini?"

Mawaziri waliokuwa barazani wakatazamana. Kila mtu alijua kwamba mke wa Sultani ana mimba ya miezi saba, ya kwanza tangu waoane miaka minane iliyopita.

"Siku ya nikaha," akasema Sultani. "Kwani?"

"Ulionyeshwa mtoto kwanza?"

Pakasikika kicheko. Hakikutoka kwa mawaziri. Wao walishikwa na kikohozi. Kilitoka mgongoni mwa Bi Mize.

Sultani akashangaa. "Huyo mtoto anaelewa?"

"Ameelewa kabla ya mawaziri. Ulimi wake ndio unaochelewa. Wangu, kama unavyousikia, haukuchelewa."

Sultani akajiweka sawa kitini. "Mama, haya ni kudra za Mungu."

"Na njaa ni kudra zake. Leo Bwana wangu umefungua kinywa?"

"Nimefungua. Mkate wa kumimina, na maini."

"Alhamdulillahi."

Sultani akaona mlango huo umefungwa, akajaribu mwingine. "Lakini watoto wenyewe ni wangapi? Mimi sijawaona njiani."

"Wamefichwa ndani," alisema Bi Mize, na hapo sauti yake ikashuka. "Mimi wangu nilimficha miaka minne. Aibu yenyewe wala haikuwa yangu."

Sultani akamtazama mtoto. Pengine angelainika, lakini mawaziri walikuwa wakimtazama, na sultani akitazamwa huwa mrefu. "Pole, mama. Ila hayo ni mambo ya huko vibandani kwenu. Damu ya ukoo wangu ni safi. Ugonjwa huo haujavuka lango la jumba hili, wala hautavuka."

"Hautavuka?"

"Nimesema mimi, hautavuka!"

Bi Mize akapiga goti, taratibu, mtoto mgongoni. "Basi moyo wangu umetulia, maana nisingependa Bibi wetu yampate yaliyonipata. Zena alikwama siku mbili. Alipotoka alikuwa na rangi ya majivu, na hakulia. Lakini kwa kuwa Bwana wangu umesema, karani na aandike: 'Mimi, Sultani Badawi, naukataza mtindio wa ubongo kuvuka lango langu.' Upige muhuri. Waraka huo tutaubandika langoni leo hii, na sisi wa vibandani tutanakili."

Karani, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika chochote kilichosemwa, akachovya kalamu.

"Acha!" Sultani akapiga kelele.

Kalamu ikasimama hewani. Sultani aliinua macho kwenye dirisha la juu, upande wa wanawake, alikokuwa mkewe. Akayashusha. Jasho lilikuwa likimtoka chini ya kilemba.

"Mbona karani amezuiwa?" Bi Mize akauliza. "Neno si lilelile ulilolitamka sasa hivi?"

"We mwanamke, una wazimu? Ugonjwa haujui kusoma!"

"Kweli haujui," akasema Bi Mize. "Tabibu anajua. Mwandikie yeye."