Kigae Kilichojibu

"Chungu hupimwa kwa kidole, si kwa rungu." Mmeisikia methali hii leo, wajukuu zangu, na mnataka kujua ilikozaliwa. Basi ilizaliwa hivi.

Katika kijiji cha wafinyanzi huko Upareni aliishi mwanamke aitwaye Nanzia. Kila chungu kilichotoka motoni alikigonga kwa kidole, akatega sikio: kizima hulia, chenye ufa hukoroma. Binti yake, Naetwe, alitimiza miaka mitano bila kutamka neno. Ukimwita, hageuki. Ukimtazama, macho yake yako kwingine. Kutwa alipanga vigae kwa ukubwa, na safu ikivurugwa, alijiuma mikono hadi damu. Watu wakitwanga, aliziba masikio. Lakini mama akigonga chungu, alikuja mbio, akagonga kigae chake vilevile, akacheka.

"Mjukuu wangu amezibwa na mizimu," alisema mama mkwe wa Nanzia. "Ngoma zitamzibua."

"Mama, mtoto anasikia. Kelele ndizo zinazomuumiza."

"Umekuwa mganga lini? Utuzalie bubu, kisha utufundishe!"

Nanzia akainamisha kichwa. Kuinama huko alikujutia hadi kufa.

Zikaletwa ngoma tatu, zikapigwa kwa fimbo nene kama rungu, karibu na masikio ya mtoto. Naetwe akapiga yowe, akawaponyoka, akatokomea mvuani. Wakamtafuta kwa ngoma zilezile, wakimwita jina, yeye asiyeitikia jina. Hadi alasiri hawajamwona.

Ndipo Nanzia alipomnyang'anya mpiga ngoma fimbo yake.

"Nyamazeni! Nyamazeni nyote!"

Akachukua chungu, akakigonga kwa kidole. Ko. Ko. Ko.

Kimya. Kisha, kutoka shimo walikochimba udongo wa vyungu, kigae kikajibu: ko, ko.

Ukingo wa shimo ulikuwa umemporomokea. Wakafukua kwa mikono, mama mkwe mbele yao, kucha zikimng'oka. Nanzia hakuacha kugonga. Kigae kikajibu mara moja tena, basi. Walipomfikia alikuwa amekishika bado, naye mwili umekwisha kupoa, hana pumzi.

Mwaka uliofuata mtoto wa jirani akaanza kuziba masikio, haitiki akiitwa. Baba yake alipoleta ngoma, aliyesimama mlangoni kumzuia alikuwa bibi yuleyule, mama mkwe wa Nanzia.

"Hazipiti hapa. Kamwite Nanzia aketi na mtoto, siku kumi, siku mia, hadi ajue mtoto huyu hulia vipi. Chungu hupimwa kwa kidole, baba, si kwa rungu."