Mbegu Kinywani mwa Siwatu

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mwaitika kama mmelala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale, Siwatu aliishi na mama yake, Bi Mize, katika kijiji cha wakulima wa mahindi. Bi Mize alikuwa haoni tena. "Mwanangu," alisema, "kwetu nilikozaliwa palikuwa na mchenza mlangoni. Nisife kabla sijanusa tena maua yake."

Siwatu akaenda msituni kwa Kima, mwenye mchenza. Akapewa chenza. Akala, mbegu akazitundika juu ya meko zishike moshi, kama za mahindi. Mvua iliponyesha, akapanda. Hazikuota.

Akarudi, akapewa chenza la pili. Safari hii mbegu akazianika juani, akazipaka majivu. Akapanda. Hazikuota.

Akarudi tena. Kima akacheka mpaka akashika mkia.

"Wewe unapanda au unakaanga? Mbegu hii ikikauka imekufa. Sisi twaibeba shavuni. Nawe ibebe kinywani, wala usikifungue mpaka kwenu."

Siwatu akajaza mbegu kinywani, huyo, akashika njia.

Akakutana na wakata kuni. "Siwatu, hujambo?" Kimya.

Akakutana na wateka maji. "Siwatu, hujambo?" Kimya.

Akakutana na wifi yake, Tabu. "Wifi yangu, hujambo?" Kimya!

"Ala! Kumbe ndivyo ulivyo," akasema Tabu.

Siwatu alipokwisha kupanda akaenda kumweleza. Tabu akamkatiza: "Uninyime salamu kwa ajili ya mbegu? Nenda zako!" Tangu hapo hakuna aliyemsalimu Siwatu. Ilimuuma, jamani, ilimuuma sana.

Lakini mbegu moja iliota. Miaka ikapita, Bi Mize akiumwagilia mche, akiupapasa majani.

"Bado?"

"Bado, mama."

"Bado?"

"Bado, mama."

"Bado?"

"Bado kidogo, mama."

Asubuhi moja Bi Mize hakuuliza. Alikaa mlangoni akivuta pumzi, machozi yakimtoka. "Mwanangu," akasema, "nimefika kwetu."

Harufu ikatoka uani, ikaingia kwa wakata kuni, ikaingia kwa wateka maji, ikaingia kwa Tabu. Wote wakaja, wakasimama chini ya mchenza. Tabu akainamisha uso.

"Siwatu," akasema polepole, "hujambo?"

"Sijambo, wifi yangu. Siku ile kinywa kilikuwa kimejaa."

Basi, mtu asipokuitikia usimhukumu upesi, huenda kuna alichobeba. Hadithi nimeitua hapa. Asiyetosheka amfuate Kima msituni. Na wewe pale nyuma, uliyenyamaza tangu mwanzo, una mbegu kinywani au una usingizi?